Friji Tuliloliacha Likiwaka

Wiki tatu zilizopita mama yangu aliniita nyumbani kwake, hapa Maskati, akanionyesha maji yaliyotambaa kutoka chini ya friza lake hadi kwenye mlango wa jiko. Friza hilo ni la kulala, lenye mfuniko wa kufungulia juu, na lilinunuliwa mwaka 1983. Sauti yake, ambayo sisi watoto tulilala nayo na kuamka nayo, ilikuwa imekatika.

"Mwite fundi," aliniambia.

Nikamkumbusha kwamba fundi aliyelitengeneza mara ya mwisho alikwisha tuambia kuwa hatolirudia tena, kwani kompresa imechoka na mabomba yameliwa na kutu. Mama alinyamaza. Akaupitisha mkono juu ya mfuniko kama ampapasaye mgonjwa, kisha akauliza swali ambalo nimelisikia katika nyumba nyingi za watu wetu, iwe Maskati, Dubai au Portsmouth:

"Basi tulipeleke Unguja?"

Sikumjibu siku ile. Katika kurasa hizi nimezoea kuandika juu ya nasaba, nyumba, milango na makaburi, yaani mambo ambayo kila ukoo huyahesabu kuwa ni urithi. Leo naomba wasomaji wangu mniruhusu niandike juu ya kitu ambacho hakuna kati ya wazee wetu aliyekitaja katika wosia wake. Nimegundua kwamba safari ya ukoo wetu tangu mwaka 1964 yaweza kusimuliwa kwa mafriji manne: moja tuliloliacha, moja tulilokataa kulinunua, moja tulilolipeleka, na hili la nne ambalo mama ananiuliza tulifanyeje.

La kwanza: moto ufanyao barafu

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa na nyumba mbili Unguja: ya Malindi, mjini, na ya shamba, upande wa Bububu. Mjini umeme ulikuwapo tangu zamani; Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilitajwa pwani nzima kwa taa zake za umeme. Lakini shamba palikuwa ni kandili na karabai. Ajabu ni kwamba friji la kwanza la ukoo wetu lilikuwa huko huko shamba, kwa sababu halikuhitaji umeme. Lilikuwa Electrolux la mafuta ya taa.

Friji hilo lina khabari yake. Mwaka 1922, mjini Stockholm, wanafunzi wawili wa uhandisi, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni mashine ya kutia baridi isiyokuwa na mota wala kitu chochote kinachozunguka. Kampuni ya Electrolux iliununua ubunifu wao mwaka 1925, na mafriji ya namna hiyo yakasambaa kila pahala ambapo waya za umeme hazikufika: mashamba, misheni, zahanati za mbali. Ndani ya mabomba yake mna amonia, maji na haidrojeni. Mwale mdogo wa moto chini yake huchemsha maji yenye amonia. Amonia hupanda juu ikiwa mvuke, ikapoa na kugeuka kuwa maji maji, kisha ikakutana na haidrojeni na kuvukiza tena, na katika kuvukiza huko hunyonya joto lililomo katika kabati. Baadaye maji huinyonya amonia na mzunguko ukaanza upya. Kwa ufupi, moto ndio unaofanya barafu, na bibi alisema kwamba wageni wa shamba hawakulisadiki jambo hilo mpaka walipoinama wakauona mwale kwa macho yao.

Kulitunza kulikuwa ni kazi ya kila siku. Utambi ulikatwa sawasawa ili mwale uwe wa buluu, kwani mwale wa manjano hutoa masizi, na masizi yakiziba dohani friji hupoteza baridi. Tangi lilijazwa kabla ya kukauka. Sakafu ilibidi iwe sawa kabisa. Babu aliweka bilauri ya maji juu ya friji na kutazama kama maji yamekaa sawa ukingoni, kisha akatia vibanzi chini ya miguu. Na friji lilipougua, likiwaka bila ya kupoza, dawa yake ilikuwa moja: hulizima, huligeuza kichwa chini miguu juu, na huliacha hivyo siku nzima ili maji na gesi zilizokwama mabombani zirudi mahala pake. Aghalabu lilipona. Bibi alipotusimulia hayo miaka mingi baadaye, alikuwa akimalizia kwa sauti ya chini: "Friji ukilipindua hupona. Si kila kitu kikipinduliwa hupona." Watu wazima walicheka kidogo, nasi watoto tulicheka kwa kuwafuata, bila ya kujua tunachekea nini.

Msidhani kwamba friji lile lilibadilisha mapishi ya nyumba. Samaki aliendelea kununuliwa asubuhi na kuliwa mchana, aliyebaki akakaangwa, na wa akiba alikuwa papa mkavu na ng'onda. Maji ya kunywa yaliendelea kukaa mtungini, na kata juu yake. Friji lilikuwa la vitu vichache: dawa ya mgonjwa, jagi la sharbati ya wageni, na barafu ya Ramadhani. Magharibi ikikaribia, watoto wa majirani walikuja na mabakuli, na bibi akawagawia vipande. Hakuwahi kuviuza. Hilo alilirudia mara nyingi, kana kwamba yupo aliyemtuhumu.

Januari 1964 walitoka shamba usiku kwenda kwa jamaa mjini, na baada ya miezi kadhaa wakapanda jahazi. Nyumba ya Bububu hawakurudi tena. Katika maisha yake yote sikumsikia bibi akitaja dhahabu aliyoiacha wala hati za shamba. Alilolitaja ni hili: "Nililiacha likiwaka." Tangi lilikuwa limejazwa juzi yake. Alijua kwamba kwa siku kadhaa baada ya wao kuondoka, katika nyumba tupu, ule mwale ulikuwa ukiendelea kutengeneza barafu ambayo hapakuwa na mtoto wa kuja na bakuli kuichukua. Alikuwa akijiuliza nani alilifungua, na kama maji yalikuwa bado ya baridi.

La pili: friji ni la mwenye kwake

Walifikia Dubai mwaka 1965, katika chumba cha kupanga karibu na khori. Ami yangu alipata kazi bandarini, na katika mwaka wa pili akataka kununua friji dogo la umeme. Bibi alikataa. Maji, alisema, yatapoa katika jahla, ule mtungi wa udongo wa Kiomani unaotundikwa penye upepo, ambao haukuwa na tofauti kubwa na mtungi wetu wa Unguja: unavuja jasho, na jasho likikaushwa na upepo maji ya ndani hupoa. Siku za joto kali zaidi ami aliruhusiwa kununua kipande cha barafu sokoni, kilichofungwa gunia. Friji, hapana.

"Friji ni la mwenye kwake," alisema bibi. "Sisi tunangoja."

Nadhani familia zetu nyingi zilikuwa na kitu cha namna hiyo: godoro zito lisilonunuliwa, kabati lisilonunuliwa, msumari usiopigwa ukutani. Watu walikaa juu ya masanduku yao miaka na miaka. Mtu hanunui kitu asichoweza kukibeba anapoondoka, na friji halibebeki. Friji pia lina maana ya kesho: lahifadhi chakula cha siku ambayo unaamini kwamba utakuwapo hapo hapo kukila.

Julai 1970 Sayyid Qaboos alishika utawala wa Oman, na watu wetu waliotawanyika wakaitwa warudi katika nchi ya mababu ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Familia yangu ilihamia Maskati mwaka 1972. Oman ilikuwa imeanza kuuza mafuta nje mwaka 1967, lakini umeme wa majumbani ulikuwa wa wachache, na mitambo ilijengwa hatua kwa hatua; mtambo mkubwa wa Ghubra, wa umeme na wa kusafisha maji ya bahari, ulianza kazi mwaka 1976. Baba alipata kazi serikalini, akapata pasi, kisha nyumba Ruwi.

Mwaka 1974 baba na ami walirudi kutoka Matrah na friji juu ya gari la kukodi. Bibi hakusema kitu. Aliliosha ndani na nje, akalikausha, kisha akaleta chetezo na kulifukiza udi, mlango ukiwa wazi, kama inavyofukizwa nyumba mpya kabla ya kuhamiwa. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba siku ile ndiyo aliyojua kuwa hawatorudi. Mwenyewe bibi hakuwahi kutamka maneno hayo.

Friza la mama lilikuja mwaka 1983, na hilo lilikuwa na kazi nyingine kabisa. Lilijazwa nazi iliyokunwa, kisamvu kilichotwangwa, mhogo uliomenywa, shelisheli, na vipande vya papa vilivyoletwa na wasafiri. Katika mwezi wa Shaabani lilipokea sambusa mia kadhaa. Kila mfuko na kila kopo lilikuwa na karatasi yenye mwandiko wa bibi, na kwa kuwa bibi alijifunza kuandika chuoni, aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mimi nilijifunza kuusoma mwandiko huo nikiwa nimeinamia baridi, nikitafuta nazi na nikitoa mbaazi. Sikupata darasa jingine la herufi hizo.

Ilmu ya kutunza

Naandika sehemu hii kwa ajili ya vijana wetu, ambao huita gari la takataka kabla ya kumwita fundi. Friji la mwaka 1974 liliishi miaka kumi na minne, na friza hili miaka arobaini. Bahati ilikuwamo, lakini kulikuwa na mambo ambayo baba alijifunza kwa mafundi wa Kihindi na Kipakistani wa Ruwi, akatufundisha.

La kwanza, friji halitengenezi baridi. Hulihamisha joto kutoka ndani kwenda nje. Kompresa huisukuma gesi, gesi hulibeba joto la ndani na kulitua katika mabomba ya nyuma. Mabomba hayo yakifunikwa na vumbi, au friji likibanwa ukutani, joto halina pa kwenda, na mota hufanya kazi mchana kutwa bila ya faida. Baba alilivuta friji mbele kila baada ya miezi mitatu na kulifagia kwa brashi laini. Mpira wa mlango aliupima kwa noti: ukifungia noti mlangoni na ikachomoka bila ya kushikwa, mpira umekufa, na mpira mpya ni rahisi kuliko mota mpya. Barafu ikifikia unene wa nusu sentimita aliiyeyusha, kwa maji ya moto katika sufuria na subira, wala si kwa kisu, kwani kisu kimeua mafriji mengi kuliko uzee. Na umeme ukikatika na kurudi, alilizima friji kwa dakika tano kabla ya kuliwasha, ili shinikizo la gesi litulie na mota isianze kwa kulazimishwa.

La pili, kila friji limezaliwa kwa hali yake ya hewa. Tazameni kibandiko kilichomo ndani: herufi N ni kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST hadi 38, na T hadi 43. Katika jiko la Maskati wakati wa kiangazi ni hiyo T pekee inayofaa. Na kuna upande wa pili. Binamu yangu anaishi Portsmouth, mji ambao watu wetu wengi waliufuata, na ambao Sayyid Jamshid aliishi miaka mingi kabla ya kuja Oman mwaka 2020. Binamu huyo aliliweka friji lake lenye friza chini katika gereji. Baridi ya Januari ilipoingia, sambusa zake zote ziliyeyuka. Kidhibiti joto kilikuwa katika sehemu ya friji; kilipoona kuna baridi ya kutosha humo hakikuiamsha mota, na friza likaachwa bila ya msaada. Bibi alikuwa na moto uliofanya barafu, na binamu yangu akapata baridi iliyoiyeyusha.

La tatu: zawadi

Sasa nafika katika sehemu ambayo nimeiahirisha kuiandika miaka mingi.

Mwaka 2007 tulinunua friji jipya la jikoni. La zamani, tulilolinunua mwaka 1988, lilikuwa likifanya kazi bado, ingawa kwa kelele. Hapakuwa na mjadala: lingepelekwa Unguja, kwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyebaki kwa sababu alikuwa ameolewa huko. Ndivyo watu wetu walivyofanya siku zote. Umeme wa Oman, wa Dubai na wa Unguja ni wa nguvu moja, hata plagi ni ile ile ya pini tatu za mraba iliyoachwa na Waingereza, kwa hiyo kitu kinachotoka kwetu hufanya kazi kule bila ya transfoma. Tulilisafisha, tukalijaza nguo na vyombo, tukafunga mlango kwa kamba na kulitia katika kontena pamoja na mizigo ya familia nyingine. Shangazi alipiga simu kushukuru, akalia. Na sisi tulijiona watu wema.

Tulichokuwa hatukijui kilikuwa kimeandikwa nyuma ya friji, katika kibandiko cha chuma: R-12.

Gesi hiyo ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1920 huko Marekani na Thomas Midgley na wenzake, ichukue nafasi ya gesi za sumu zilizotumika kabla yake. Haiwaki, hainuki, haidhuru mtu, na kwa nusu karne ikawa ndani ya karibu kila friji. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo, zikipanda angani, hula tabaka la ozoni. Mwaka 1987 mkataba ukatiwa saini Montreal. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza kufikia 1996. Nchi zinazoendelea zilipewa muda zaidi: kupunguza kwa asilimia 50 kufikia 2005, asilimia 85 kufikia 2007, na kuacha kabisa mwaka 2010. Yaani katika mwaka ule ule tuliompelekea shangazi friji lile, gesi yake ilikuwa inaondoshwa duniani.

Mei 2008 umeme wa Unguja, unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari, ulikatika kwa takriban mwezi mzima. Ulikatika tena Disemba 2009 na haukurudi mpaka Machi 2010. Sisi tulisoma khabari hizo Maskati, tukasikitika, tukatuma pesa za jenereta. Hatukuuliza juu ya friji.

Nilikwenda Unguja mwaka 2011. Friji letu lilikuwa sebuleni kwa shangazi, jeupe, limesuguliwa mpaka linang'aa, na juu yake kitambaa cha kufuma na chano cha vikombe. Shangazi alikuwa jikoni, nami nikalifungua kutafuta maji. Ndani mlikuwa na mchele. Rafu ya juu magunia madogo ya mchele na unga, ya chini misahafu na madaftari ya wajukuu. Plagi ilikuwa imefungwa vizuri kwa uzi, imening'inizwa nyuma.

Shangazi alinikuta nimesimama hapo. Sijui nani kati yetu aliyeona haya zaidi.

Alinieleza polepole, kama anayeomba radhi. Umeme ulipokatika mara ya kwanza friji lilinusurika. Uliporudi, ulikuwa ukipanda na kushuka, na mota ikaanza kutetemeka. Gesi ikavuja. Fundi wa kwanza alisema R-12 haipatikani tena ila kwa bei ya juu, akatia gesi nyingine bila ya kubadili mafuta ya kompresa wala kuziba palipovuja, na baada ya miezi miwili gesi yote ikatoka. Wa pili alitaka kutia gesi ya kupikia; shangazi, mwanamke mwenye akili, alimtoa nje. Na hata lilipokuwa zima, lilimaliza umeme wake wa Tukuza kabla ya nusu ya mwezi, ikabidi aliwashe mchana na kulizima usiku, jambo ambalo halihifadhi chakula wala mota.

"Kwa nini hukutwambia, shangazi?"

"Ningekwambieni nini, mwanangu? Mlituletea friji. Umeme wake hamkutuletea." Kisha akanishika mkono, kwa kuwa aliona neno limeniingia. "Si kwa ubaya nasema. Kabati zuri hili. Panya hawaingii."

Aliliweka miaka mitatu sebuleni, limekufa, kwa sababu lilitoka kwetu. Kulitupa kungekuwa ni kuturudishia mkono. Na mimi nilielewa siku ile kwamba tulimkabidhi mwanamke wa miaka sabini mzigo ambao sisi wenyewe tulikuwa tunautafutia pa kuutupa, tukamwachia na kazi ya kushukuru.

Sisemi kwamba kila kilichopelekwa kilikuwa hivyo. Yapo mafriji ya Dubai yaliyolisha nyumba za Unguja na Pemba miaka ishirini, na wapo kina mama waliosomesha watoto kwa barafu za ubuyu zilizogandishwa ndani yake. Hao ni heshima ya mafundi wa kule kuliko ya sisi watumaji. Nalisema la kwangu. Bibi aligawa barafu bila ya kuuza. Sisi tuligawa friji ambalo halikuwa tena na barafu ndani yake, tukaliita jina lile lile, ukarimu.

Kabla sijarudi Maskati nilimnunulia shangazi friji dogo jipya dukani mjini, pamoja na stebilaiza. Lilikuwa dogo kuliko lile letu, na alilipenda kwa sababu hiyo.

La nne: jibu la mama

Narudi kwa friza la mama. Kabla ya kufa kwake nilikuwa nimelipima kwa mita ndogo ya kuchomeka ukutani, nikakuta linakula zaidi ya uniti nne kwa siku, ilhali friza jipya la ukubwa huo huo hula chini ya moja. Ndani yake lina gesi yake ya asili. Gramu mia moja na kitu tu, lakini R-12 huzuia joto angani zaidi ya mara 10,000 kuliko uzito ule ule wa hewa ya kaboni, na hata povu lililomo ndani ya kuta zake lilifurishwa kwa gesi ya jamii hiyo. Hata R-134a, iliyokuja kuchukua nafasi yake, sasa inapunguzwa. Makubaliano yake yalifikiwa Oktoba 2016 mjini Kigali, katika Afrika Mashariki ile ile ambako mizigo yetu hushushwa. Mafriji mengi mapya ya nyumbani hutumia R-600a, isiyodhuru ozoni na yenye madhara madogo sana ya joto. Hiyo yashika moto, kwa hiyo haifai kuchezewa na fundi asiyeijua.

Sasa kwangu mimi maswali ni matatu. Kama palipoharibika ni mpira, kidhibiti joto, feni au waya, litengenezwe, hata likiwa kuukuu. Kama ni kompresa au uvujaji katika friji lililopita miaka kumi na tano, libadilishwe. Na kama twataka kulipeleka kwa ndugu, tumuulize kwanza: una nafasi, una umeme wa kulilisha, gesi yake yapatikana kwenu, au ungependa tukuletee thamani yake ukachague mwenyewe? Swali la mwisho ndilo tusiloliuliza, kwa sababu twaogopa jibu.

Ijumaa iliyopita nilimwambia mama kwamba halitakwenda Unguja. Nikamhadithia, kwa mara ya kwanza, juu ya mchele wa shangazi, aliyefariki mwaka 2016 na ambaye hakuwahi kumtamkia wifi yake neno hilo. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Na sisi tulikuwa tukimuuliza kila Idi kama friji lipo," alisema. "Akajibu, lipo."

Jumapili alikuja fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi. Tulilimaliza friza pamoja, mama na mimi, tukitoa mifuko na kuihamishia kwa dada yangu. Chini kabisa, limeshikana na barafu, palikuwa na kopo la bati ambalo mama amekuwa akilijaza na kulijaza tena tangu bibi alipofariki mwaka 1996. Karatasi yake imefifia, lakini herufi zasomeka: nun, alif, zei, yei. Nazi.

Mama alilikausha kopo kwa kanga yake, akaniuliza kama friza jipya litakuwa na nafasi ya kuliweka. Nikamwambia litakuwa nayo.

Kama nyumbani kwenu kuna friji la namna hii, lililoachwa, lililokataliwa au lililopelekwa, nitafurahi mkiniandikia. Khasa nawaomba jamaa waliobaki kule, ambao walipokea mizigo yetu: tuandikieni pia kile ambacho hamkutaka kutwambia.